Dostoevsky na Barua za Kuomba Muda

Mwanafunzi yeyote wa uzamili aliyewahi kuahidi mswada, kisha tarehe ikamfikia mswada ukiwa nusu, anaijua barua ninayokusudia kuizungumzia. Huanza kwa salamu ndefu kuliko ilivyo desturi, ikapitia udhuru wa afya na wa shughuli za nyumbani, na hatimaye ikalifikia ombi lenyewe kwa sauti ya chini: naomba wiki mbili zaidi niirekebishe sura ya tatu. Mimi nimekwisha kuiandika barua hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara niliona haya. Nilipoyarejelea maisha ya Fyodor Mikhailovich Dostoevsky, mtunzi wa Kirusi ambaye riwaya zake husomwa katika idara za fasihi ulimwenguni kote, niligundua kwamba sehemu kubwa ya maisha hayo ni barua za namna hiyo. Riwaya zake kubwa hazikuandikwa kwanza kama vitabu. Zilitolewa sura kwa sura katika majarida ya kila mwezi, mwandishi akiwa bado anaandika. Kwa sisi tuliozoea kuinunua riwaya ikiwa imekamilika, si rahisi kufikiri maana ya jambo hilo: sura ya kwanza imekwisha kusomwa na maelfu ya watu ilhali mtunzi hajajua ya mwisho itakuwaje, wala hana ruhusa ya kurudi nyuma kufuta.

Alizaliwa Moscow mwaka 1821, baba yake akiwa daktari katika hospitali ya maskini. (Tarehe zote nitakazozitaja ni za kalenda ya Urusi ya enzi hiyo, iliyokuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 12.) Mama alifariki mwaka 1837, baba mwaka 1839, na kijana akasomea uhandisi wa kijeshi mjini Petersburg bila mapenzi makubwa. Mwaka 1844 aliacha kazi ya jeshi ili aandike. Riwaya yake ya kwanza, ambayo kwa Kiswahili tungeiita Watu Maskini, aliiandika pasipo mhariri yeyote kumngoja. Aliimaliza, akairekebisha, akaidurusu tena. Ilipofika mikononi mwa Nekrasov, mshairi na mchapishaji, yeye na rafiki yake waliisoma usiku kucha, wakaenda kumwamsha mtunzi alfajiri kumpa hongera. Ilichapishwa mwaka 1846, na mhakiki mashuhuri wa wakati ule, Belinsky, akaisifu mno. Hiyo ndiyo mara ya kwanza, na nadhani ya mwisho, Dostoevsky kuwa na muda wa kutosha.

Mambo yalibadilika mara moja. Umaarufu ulimletea malipo ya awali kutoka kwa Kraevsky, mwenye jarida la Otechestvennye Zapiski, na malipo ya awali ni deni hata yakiitwa kwa jina jingine. Mwandishi hula leo chakula cha sura ambayo ataiandika mwezi ujao. Hadithi yake ya pili, Pacha, ilitoka mwaka huohuo wa 1846 na haikupokelewa vyema. Yeye mwenyewe aliamini kwamba wazo lilikuwa zuri na umbo ndilo lililopwaya, akatamani kuiandika upya. Tamanio hilo alikaa nalo miaka 20. Toleo lililorekebishwa la Pacha lilitoka mwaka 1866, na hata hapo hakuridhika nalo.

Aprili 1849 alikamatwa pamoja na wenzake wa kikundi cha Petrashevsky kwa kosa la mijadala iliyopigwa marufuku. Riwaya iliyokuwa ikiendelea kutoka jaridani ilikatika njiani, na haikumalizwa kamwe. Kisa cha tarehe 22 Desemba mwaka huo kinajulikana: walipelekwa uwanjani, wakasomewa hukumu ya kifo, wa kwanza wakafungwa kwenye nguzo, ndipo ikasomwa amri ya Tsar Nicholas I ya kuwabadilishia adhabu. Dostoevsky alitumikia miaka minne ya kazi ngumu gerezani Omsk, kisha akawa askari huko Semipalatinsk. Alirejea Petersburg mwishoni mwa mwaka 1859, akiwa na kifafa ambacho hakikumwacha hadi kufa kwake. Wahakiki wengi huiona saa ile ya uwanjani kuwa chanzo cha kila kitu alichokiandika baadaye. Sibishi. Ila naona kwamba waliokazia macho uwanja huo wameisahau meza yake ya kazi, ambako aliishi na makataa ya kila mwezi kwa miaka mingi zaidi.

Kuna jambo ambalo halitajwi sana: Dostoevsky naye alikuwa mhariri. Mwaka 1861, yeye na kaka yake Mikhail walianzisha jarida la Vremya, yaani Wakati. Jarida jipya lilihitaji riwaya ya kuwavuta wasomaji, naye akajipa kazi hiyo. Riwaya aliyoitoa humo mwaka huo aliiandika kwa kukimbizana na mashine, na miaka mitatu baadaye alikiri hadharani, katika jarida lao la pili, kwamba aliifanya kwa haraka kwa kuwa jarida lilihitaji, na kwamba kasoro zake ni zake yeye. Hakulaumu mtu. Alikuwa ameketi pande zote mbili za meza. Aliyeomba muda na aliyekataa kuutoa walikuwa mtu mmoja. Nadhani uzoefu huo ndio uliomfanya baadaye aziandike barua zake kwa wahariri kwa namna ya mtu anayejua ukurasa mtupu unamgharimu nini mwenye jarida.

Vremya lilifungwa na serikali mwaka 1863 kwa sababu ya makala moja kuhusu Poland. Mwaka 1864 ukaja na misiba: mke wake Maria alifariki mwezi Aprili, na Mikhail mwezi Julai. Dostoevsky alijitwika madeni ya kaka yake na riziki ya mjane na watoto wake. Jarida lao jipya, Epokha, likafa mwanzoni mwa 1865. Wadai walipomsonga, alitia sahihi mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky. Kwa rubli 3,000, Stellovsky alipata haki ya kuchapisha kazi zake zote zilizokuwapo, pamoja na riwaya moja mpya itakayokabidhiwa kabla ya tarehe 1 Novemba 1866. Tarehe hiyo ikipita bila riwaya, mchapishaji angekuwa na haki ya kuchapisha kila kitakachotoka kwa kalamu ya Dostoevsky kwa miaka tisa bila kumlipa chochote. Kuna makataa, na kuna mtego uliopewa jina la makataa.

Fedha nyingi zilikwenda kwa wadai. Kilichobaki alikwenda nacho Wiesbaden, Ujerumani, akakipoteza kwenye meza ya kamari. Ni huko hotelini, akiwa hana hata cha kulipia chakula, alikomwandikia Mikhail Katkov, mhariri wa jarida la Russky Vestnik la Moscow. Alimweleza wazo la hadithi fupi juu ya mwanafunzi maskini anayemuua kikongwe mkopeshaji fedha, akaomba rubli 300 za awali, akaahidi kuikamilisha katika muda wa wiki chache. Katkov alikubali na fedha zikatumwa.

Wiki zikapita. Hadithi fupi ilikataa kuwa fupi. Mnamo Novemba 1865, akiwa amerudi Petersburg na sehemu kubwa ya mswada tayari, Dostoevsky aliuteketeza kwa moto, akaanza upya kwa muundo mwingine. Fikiria, msomaji, ni mtu gani aliyefanya hivyo. Fedha za mswada ule zilikuwa zimekwisha kuliwa. Mhariri alikuwa akingoja. Wadai walikuwa mlangoni. Mwandishi aliyekuwa na kila sababu ya kuupeleka ulivyo, akitumaini kwamba nusu ya uzuri itatosha, aliona kwamba haukuwa wenyewe. Kilichozaliwa katika muundo ule mpya ni Uhalifu na Adhabu, kilichoanza kutoka katika Russky Vestnik Januari 1866.

Kuanza kutoka hakukuwa kupumua. Kiangazi cha 1866 alikuwa Lyublino, karibu na Moscow, akiiandika riwaya hiyo mwezi kwa mwezi. Alipeleka sura ambamo Sonya, msichana aliyelazimika kuuza mwili wake ili kuilisha familia, anamsomea muuaji kisa cha kufufuliwa kwa Lazaro. Katkov na msaidizi wake Lyubimov waliikataa. Waliona humo harufu ya mafundisho yaliyokuwa yakiwatia hofu wakati ule, wakahisi kwamba msichana wa hali ile hastahili kukishika Kitabu kile. Dostoevsky aliirudia sura nzima, akasema baadaye kwamba kuirekebisha kulimgharimu nguvu za kuandika sura tatu mpya. Aliporudisha kazi hiyo, aliwasihi wahariri waiache sasa kama ilivyo. Wao wakaipunguza tena kwa mikono yao. Mswada wa awali haukuhifadhiwa, hivyo hakuna atakayejua tulipoteza nini. Tunachojua ni kwamba sura hiyo, hata ikiwa imepita katika mikono mingi hivyo, ndiyo ambayo wasomaji wengi huikumbuka kwanza.

Wakati huo huo saa ya Stellovsky ilikuwa ikienda. Septemba iliisha bila mstari hata mmoja wa riwaya ile aliyomdai. Marafiki walipendekeza wagawane kazi, kila mmoja aandike sehemu yake, naye atie jina lake tu. Alikataa katakata, hakuwa tayari kutia sahihi juu ya kazi ya mwingine. (Nawaachia wenzangu wa enzi hii, ambao tasnifu za kununuliwa si ngeni masikioni mwao, walitafakari hilo.) Rafiki mmoja ndiye aliyemshauri atafute mtu wa hatimkato. Tarehe 4 Oktoba 1866 alifika nyumbani kwake Anna Grigoryevna Snitkina, msichana wa miaka 20, mwanafunzi bora wa darasa la hatimkato. Mchana alimsomea kwa mdomo, jioni msichana akaenda kwao kunakili kwa hati safi, kesho yake akarudi nazo. Kwa siku 26 riwaya ya Mcheza Kamari ikakamilika.

Siku ya mwisho ilipofika, Stellovsky alikuwa hayupo mjini, na karani wake akakataa kupokea. Ilionekana wazi kwamba haikuwa bahati mbaya. Anna na Dostoevsky walikuwa wameshauriwa mapema juu ya hila ya namna hiyo, na mswada ukapelekwa kituo cha polisi cha mtaa, ukapokelewa kwa stakabadhi kwenye saa nne za usiku. Saa mbili tu zilikuwa zimesalia kabla miaka tisa ya kalamu yake haijawa mali ya mtu mwingine. Februari 1867 wakaoana.

Hapa ningependa kukaa kidogo na Anna, kwa kuwa wanaosimulia kisa hiki humtaja kama mwandishi wa imla kisha wakaendelea na safari yao. Muda ambao Dostoevsky aliuomba kwa wahariri bila kuupata, Anna ndiye aliyemtengenezea. Kwa hatimkato chake mtunzi alitunga usiku na kusahihisha mchana juu ya nakala safi, jambo ambalo kwa kalamu peke yake lingechukua mara mbili. Baadaye alichukua mikononi mwake mazungumzo na wadai, na mwaka 1873 wakaanza kuchapisha vitabu wenyewe nyumbani, yeye akisimamia karatasi, kiwanda na wauzaji. Riwaya ya mwisho ya mume wake imetabarukiwa kwake, na sidhani kuna tabaruku iliyolipiwa kwa kazi kama ile.

Mara tu baada ya ndoa waliikimbia Urusi na wadai wake, wakaishi ugenini miaka minne. Huko Geneva, mwishoni mwa 1867, kisa cha Uhalifu na Adhabu kilijirudia. Alikuwa ameahidi Russky Vestnik riwaya mpya itakayoanza na mwaka mpya, akatumia miezi kadhaa juu yake, na mwezi Desemba akaitupa karibu yote. Katika wiki chache akatunga mwanzo mwingine kabisa, na sura za kwanza za Mpumbavu zikafika Moscow kwa wakati. Februari 1868 walimpata binti, Sofia. Aliishi miezi mitatu. Riwaya iliendelea kutoka, kwa sababu jarida lilikuwa limekwisha kuianza na fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa. Sijui kama kuna mhariri ambaye angemnyima muda mtu aliyefiwa hivyo. Ninachokiona ni kwamba mtu mwenye deni hana nafasi ya kukaa matanga.

Mhariri anapokuwa na neno la mwisho, marekebisho huweza kuwa mateso. Mashetani ilianza kutoka mwaka 1871. Mwishoni mwa mwaka huo Dostoevsky alipeleka sura ambamo mhusika wake mkuu, Stavrogin, anamwendea askofu mstaafu na kukiri kumdhulumu msichana mdogo. Katkov aliikataa ikiwa imekwisha kupangwa kwa chapa. Mtunzi aliisoma mbele ya marafiki, akailainisha, akaandika toleo jingine, akabadilisha muundo wa riwaya ili kuiokoa. Karibu mwaka mzima ukapita jarida likiwa kimya na wasomaji wakisubiri. Katkov hakubadili msimamo. Mwishoni mwa 1872 riwaya iliendelea bila sura hiyo, na alipoichapisha kama kitabu mwaka uliofuata hakuirudisha. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922, miaka 41 baada ya kifo chake, na tangu hapo wahariri hubishana iwekwe mahali pake au mwishoni mwa kitabu. Hapa muda ulikuwapo tele, lakini haukumfaa kitu. Tunaposema kwamba mwandishi anahitaji muda wa kurekebisha, tuulize pia anarekebisha ili kuiridhisha nafsi yake au hofu ya nani.

Dostoevsky mwenyewe aliamini kwamba makataa yalimdhulumu. Alilalamika mara nyingi katika barua zake kwamba waandishi waliozaliwa na mashamba, akina Turgenev na Tolstoy, waliandika kwa nafasi na kulipwa zaidi. Kwa Anna Karenina, katika jarida lilelile la Katkov, Tolstoy alipata rubli 500 kwa kila kurasa 16 za chapa. Dostoevsky kwa riwaya yake ya mwisho alipata 300. Malalamiko yake ni ya haki. Hata hivyo, siafikiani naye moja kwa moja. Pumzi ile ya haraka, mazungumzo yanayoporomoka bila nukta, wahusika wanaojibizana kana kwamba mlango unagongwa, yote hayo yana sauti ya mtu aliyesikia saa ikigonga. Tungempa shamba na miaka kumi ya utulivu, huenda tungepata sentensi safi zaidi. Kama tungempata Raskolnikov, ni jambo jingine.

Nafika sasa kwenye barua iliyonifanya niyaandike haya. Mwishoni mwa 1877 alikuwa amesimamisha Shajara ya Mwandishi, jarida lililoandikwa naye peke yake, akiwaaga wasomaji kwa muda ili aandike riwaya. Mei 1878 mwanawe Alyosha, ambaye hajatimiza miaka mitatu, alifariki kwa kifafa, ugonjwa ambao baba alijua umetoka kwake. Ndugu wa Karamazov ilianza kutoka katika Russky Vestnik Januari 1879, na alikuwa ameahidi kuimaliza ndani ya mwaka huo. Afya ilimwangusha, kiangazi alilazimika kwenda Ems, Ujerumani, kutibiwa mapafu. Kisha mnamo Novemba akamwandikia Lyubimov kuhusu jambo la kazi yenyewe. Alikuwa amekusudia kutoka kwenye mauaji hadi kwenye kesi bila kituo. Alipozungumza na mwendesha mashtaka mmoja aliyejua sheria, aliona kwamba angeiruka hatua nzima, ile ya uchunguzi wa awali, na kwamba humo mlikuwa na nafasi ya kuonyesha nafsi ya Dmitri ikivuliwa nguo mbele ya makarani. Kutokana na mazungumzo hayo kilizaliwa kitabu cha tisa cha riwaya, ambacho hakikuwamo katika mpango. Hakingewahi toleo la Desemba. Aliomba kisogezwe hadi Januari 1880.

Angeweza kuishia hapo, kwani mhariri alimwelewa. Lakini wasomaji walikuwa wamekwisha kunung'unika, na shutuma zilikuwa zikimwendea Katkov kwamba anairefusha riwaya makusudi ili kuwashika wanunuzi wa mwaka ujao. Mwezi Desemba, Dostoevsky alimwandikia mhariri barua ya pili na kumtaka aichapishe jaridani wote waione. Humo alisema kwamba aliahidi na hakutimiza, kwamba afya yake ndiyo sababu, na kwamba lawama zote ni zake peke yake, wala zisiangukie jarida. Alikuwa na miaka 58, ndiye mwandishi aliyesomwa kuliko karibu wote nchini mwake, na aliomba radhi kwa umma kwa kuchelewa. Nilipoisoma habari hiyo, niliilinganisha na barua zangu mwenyewe, ambamo umeme uliokatika na tarakilishi ya rafiki huchukua nafasi kubwa kuliko mimi.

Kitabu cha tisa kilitoka Januari kama alivyoahidi. Mwezi Juni 1880 aliiacha riwaya kwa siku chache akaenda Moscow kutoa ile hotuba yake mashuhuri juu ya Pushkin, kisha akarudi mezani. Mwezi Novemba alipeleka hitimisho. Madeni ya kaka yake yalikuwa yamelipwa, na kwa mara ya kwanza tangu 1864 hakuwa na mdai wa kumkimbia. Alianza tena Shajara ya Mwandishi, akiandaa toleo la Januari 1881. Usiku wa kuamkia tarehe 26 mwezi huo damu ilimtoka kooni. Kesho yake, akiwa dhaifu, aliandika barua moja zaidi kwa Lyubimov. Safari hii hakuomba muda. Aliuliza, kwa adabu ileile ya miaka yote, kama sasa angeweza kutumiwa masalio ya ujira wa Ndugu wa Karamazov. Tarehe 28 alifariki dunia, na toleo la Shajara likatoka kiwandani katika siku za mazishi, kwa wakati.